Kukagua mashine ya milingi iliyotumika kabla ya kulipa: dalili, visababishi na uamuzi

Wanunuzi wengi wa mashine ya milingi (inayochonga chuma kwa kisu kinachozunguka) iliyotumika husikiliza mota, hutazama rangi, kisha huanza kujadili bei. Mota inanguruma vizuri, spindo inayokishikilia kisu inazunguka, muuzaji ana haraka, na lori linaitwa. Kazi ya kwanza inapochongwa karakanani, bamba la sentimita 40 linatoka nene katikati na jembamba kwenye ncha zote mbili, na hapo hakuna tena wa kurudishiwa mashine. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili ambayo mnunuzi anaweza kuiona, kuisikia au kuipima akiwa mbele ya mashine, kisha unafuata visababishi vyake na namna ya kukitenganisha kimoja na kingine. Msimamo wangu ni kwamba kasoro zenye kelele nyingi mara nyingi ndizo za gharama ndogo, ilhali uchakavu wa njia za kutelezea (nyuso za chuma ambazo meza husogea juu yake), ambao haupigi kelele yoyote, ndio unaopaswa kuamua kama mashine inunuliwe au iachwe.

Mfano nitakaoutumia ni mashine ya wima yenye goti, yaani sehemu inayopanda na kushuka kwenye nguzo ikiibeba meza, ya muundo wa Bridgeport. Muundo huo ulianza mwaka 1938 katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, Marekani, baadaye ukatengenezwa pia Leicester, Uingereza, na umenakiliwa na viwanda vingi vya Taiwan na China. Anayenunua mashine ya ulalo, kwa mfano HMT ya Uhindi, atakuta sehemu kubwa ya ukaguzi huu inafaa kama ilivyo, ila tu ahakikishe kwamba shafti ya kushikia visu pamoja na mkono wa juu unaoishikilia vipo, kwa sababu mashine ya ulalo iliyopotelewa na vitu hivyo haiwezi kufanya kazi iliyonunuliwa kuifanya, na kuvipata vinavyooana nayo ni shida kubwa.

Nenda na daili geji (kipimo cha mshale) yenye kitako cha sumaku, fila geji ya kupimia nafasi nyembamba, skwea ya chuma, maikromita, tochi, kitambaa safi, mafuta ya taa kidogo, kipande cha chaki, kipima umeme, kisu chako mwenyewe chenye makali mazuri, na kipande cha chuma laini cha kujaribia. Kisu cha muuzaji kikiwa butu, hutajua kama mtetemo unatoka kwenye kisu au kwenye mashine. Omba pia mapema kwamba jiliwa na kazi yoyote iliyofungwa juu ya meza viondolewe, ili meza yote ionekane.

Kabla ya kugusa chochote: mashine ilikuwa ikifanya kazi gani?

Swali hili muulize muuzaji, lakini jibu lake lilinganishe na linalosemwa na mashine yenyewe. Mashine iliyotoka chuo cha ufundi huwa na matundu mengi ya keekee juu ya meza, alama za visu vilivyogonga jiliwa, na hendeli zilizolegea, kwa sababu wanafunzi wengi wamejifunzia makosa yao juu yake. Sura yake hukatisha tamaa, lakini mara nyingi njia zake za kutelezea bado ni nzima, maana imefanya kazi saa chache kwa siku na imesogezwa huku na huko bila mpangilio mmoja. Mashine ya kiwandani iliyotengeneza kifaa kilekile kwa miaka mingi inaweza kuwa na meza safi kama mpya, huku uchakavu wote ukiwa umejikusanya kwenye sentimita chache za katikati. Kama nitaambiwa nichague moja kati ya hizo mbili bila kupima chochote, nitachukua ile ya chuo.

Chungulia kwa tochi chini ya vifuniko vya njia za kutelezea na kwenye pembe za goti. Vumbi jeusi laini linaloshika vidole linaonyesha kwamba mashine imechonga sana chuma cha kusubu, na vumbi hilo likichanganyika na oili husugua njia kama msasa. Kwa mashine zilizokaa Tanga, Mombasa, Zanzibar au popote penye hewa ya chumvi, angalia vishimo vya kutu kwenye njia. Kutu ya juujuu inayofutika kwa mafuta na kitambaa haina neno, lakini vishimo vinavyokwaruza ukucha vitaendelea kula kipande kinachoteleza juu yake.

Rangi mpya haimaanishi chochote, wala si dhambi. Kinachotia shaka ni rangi mpya iliyopakwa juu ya skrubu, vioo vya kuangalilia oili na vibati vyenye namba, kwa sababu mtu aliyeifungua mashine na kuitengeneza kwa kweli asingepaka rangi juu ya skrubu alizokuwa akizifungua.

Dalili: meza ni nyepesi katikati, nzito kwenye ncha

Hili ndilo jaribio lenye uzito kuliko yote, na halihitaji umeme. Legeza breki zote za meza, shika hendeli, na uisogeze meza kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, mwendo wote, bila kuruka hata sentimita moja. Muuzaji akikuonyesha meza inavyoteleza vizuri kwa sentimita 15 za katikati, mshukuru, kisha endelea mwenyewe hadi mwisho. Meza nzima hudai nguvu ileile mwendo wote. Meza ambayo katikati inakwenda kwa kidole kimoja na kwenye ncha inadai mikono miwili imechakaa katikati, na mtu amekaza kabari ili kuuficha mlegeo.

Kabari ni kile kipande cha chuma kilichochongwa kwa mshazari, kinachoingizwa kati ya meza na tandiko, yaani kile kipande kikubwa kilichokaa juu ya goti na kuibeba meza, ili kuziba nafasi inayotokana na kulika. Skrubu yake huonekana mwishoni mwa tandiko. Itazame. Ikiwa imekwisha kukazwa hadi mwisho na haina pa kuendelea, kabari hiyo imemaliza umri wake. Ukikuta nyuma yake kumepachikwa kipande cha bati au cha shaba nyembamba, fahamu kwamba umri huo ulikwisha zamani na kuna mtu ameununulia muda. Kubadili kabari kunawezekana, lakini kabari mpya haiwezi kuinyoosha njia iliyolika katikati, itaufanya mkazo wa kwenye ncha uwe mkali zaidi.

Pima sasa kwa daili geji. Weka kitako cha sumaku kwenye nguzo au kwenye goti, gusisha ncha ya geji kwenye ukingo wa meza karibu na mwisho wake, meza ikiwa katikati ya mwendo, kisha ushike mwisho huo wa meza na kuusukuma na kuuvuta kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Mshale ukisogea chini ya milimita 0.05, endelea na ukaguzi. Ukisogea kati ya milimita 0.05 na 0.10, omba ruhusa ya kukaza kabari kidogo, kisha rudia kipimo pamoja na mwendo wote wa meza, kwa sababu huenda kabari ililegezwa tu. Ukizidi milimita 0.10 na kabari haina pa kukazwa, au inapokazwa meza inagoma kwenye ncha, chanzo ni njia zenyewe.

Kuna ushahidi mwingine unaoonekana kwa macho. Viwanda vingi hukwangua njia za kutelezea kwa mkono na kuacha alama ndogondogo zinazoshikilia oili, mfano wa magamba ya samaki. Sogeza meza hadi mwisho mmoja, futa oili, na uziangalie alama hizo kwa tochi iliyolazwa pembeni. Zikionekana wazi kwenye ncha na kupotea kabisa katikati, kina chote cha alama kimekwisha kulika. Tahadhari moja ni muhimu hapa: wapo wanaochora alama mpya juu ya njia iliyochakaa ili ipendeze. Alama za namna hiyo huwa na makali, zote zina kina sawa, na huonekana mpya kuliko kila kitu kinachozizunguka. Zikikutia shaka, acha macho na urudi kwenye geji.

Sababu ya bamba kutoka nene katikati ni rahisi kuielewa mtu akiifikiria meza ilivyo. Meza ni nzito na ndefu kuliko tandiko lililoibeba, hivyo inapokwenda mbali upande mmoja, ncha yake huning'inia na kulisugua tandiko pembeni. Baada ya miaka mingi meza haitembei tena kwenye mstari ulionyooka, inatembea kwenye upinde, na kisu ambacho kimesimama mahali pamoja huuchora upinde huo kwenye kazi. Kosa hili halisahihishwi na skrini ya kusomea vipimo, hata iwe ya kisasa namna gani, kwa kuwa skrini hupima umbali meza iliokwenda, haipimi kama imeinama njiani.

Matengenezo yake ni kuzisaga upya njia kwenye mashine kubwa, kuzikwangua kwa mkono, na mara nyingine kubandika plastiki maalumu ya kupunguza msuguano. Mafundi wa kukwangua ni wachache sana katika ukanda wetu, na gharama yao pamoja na usafirishaji inaweza kuifikia bei ya mashine yenyewe. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mashine yenye kasoro hii inunuliwe tu na mwenye kazi za kutoboa na kuchonga vipande vifupi, kwa bei ya chini, akijua anachokinunua.

Jaribio hilohilo lifanywe kwa goti. Simamisha skwea juu ya meza, funga geji kwenye spindo, iguse skwea, kisha pandisha goti kwa sentimita 15 hivi na uangalie mshale unavyokwenda. Baada ya hapo kaza breki ya goti huku ukiutazama mshale. Goti likiinuka au kuinama kwa milimita 0.05 au zaidi kwa sababu tu breki imekazwa, kuna nafasi kati yake na nguzo. Anza na kabari yake, na ikiwa imekwisha, hesabu kasoro hii pamoja na ile ya meza.

Dalili: hendeli inazunguka lakini meza haisogei

Ukigeuza mwelekeo wa hendeli, kuna kipande cha mzunguko ambacho mkono unakwenda huku meza imesimama. Huo ndio mchezo wa skrubu, nao huwatisha wanunuzi kuliko inavyostahili. Hakuna mashine ya skrubu ya kawaida isiyo nao kabisa. Milimita 0.10 ni kidogo, 0.25 huvumilika na mara nyingi hupungua kwa kurekebisha nati, na inapofika 0.50 kisu kinaweza kuivuta meza ghafla unapochonga kwa kufuata mzunguko wake na kuvunjika.

Visababishi ni vitatu, na gharama zake hazilingani hata kidogo. Gusisha geji kwenye mwisho wa skrubu yenyewe, kisha geuza hendeli mbele na nyuma. Skrubu nzima ikiingia na kutoka, kasoro iko kwenye beringi na mabano ya mwishoni, na huenda nati moja tu imelegea, kazi ya nusu saa. Skrubu isipocheza, hamishia geji kwenye meza na upime mchezo mahali patatu, yaani katikati na karibu na kila mwisho. Mchezo ukiwa sawa kila mahali, nati ya shaba ndiyo imelika, nayo hurekebishwa au kuchongwa upya na fundi mzuri wa kukereza. Mchezo ukiwa milimita 0.40 katikati na 0.10 kwenye ncha, skrubu yenyewe imelika mahali ilipotumika zaidi. Hapo usikubali nati ikazwe mbele yako kama dawa, kwa sababu nati iliyokazwa kuifaa sehemu ya katikati itakwama skrubu ikifika mwisho. Skrubu iliyolika ni gharama halisi, ila inanunulika au kutengenezeka, na skrini ya vipimo husaidia kufanya kazi nayo vizuri kwa miaka. Punguza bei na uendelee.

Ukiwa hapo kwenye hendeli, soma bangili yake ya vipimo, yaani ile pete yenye namba. Mashine nyingi za Marekani na baadhi ya zile za Uingereza ni za inchi: skrubu ina nyuzi tano kwa inchi, na mzunguko mmoja ni inchi 0.200, yaani milimita 5.08. Fundi aliyezoea mzunguko wa milimita 5 akizitumia bila kugundua tofauti hiyo, kila kazi yake itapotoka na atailaumu mashine. Hii si kasoro, lakini ijulikane kabla ya kulipa.

Dalili: meza nzito mwendo wote

Uzito ulio sawa kutoka mwisho hadi mwisho ni habari njema kuliko wepesi wa katikati. Kwanza hakikisha kwamba breki zote zimelegezwa na kwamba mwendo wa umeme wa meza umetolewa gia. Kisha vuta mkono wa pampu ya oili mara kadhaa na uangalie kama oili inatokeza kwenye njia zote. Kisababishi ninachokikuta mara nyingi hapa kwetu ni grisi. Mtu amekuta chuchu za kupitishia oili, akadhani ni za grisi kama za gari, akasukuma grisi miaka nenda rudi, nayo ikaganda ndani ya mabomba membamba hadi oili ikakosa pa kupita. Meza husafishika, mabomba huzibuliwa au hubadilishwa, na oili ya njia ya daraja la 68 hurudishwa. Jambo la kujiuliza ni muda gani mashine ilifanya kazi bila oili, na jibu lake liko kwenye vipimo vya sehemu iliyotangulia. Ikiwa njia bado ni nzima, uzito huu ni sababu nzuri ya kupata punguzo.

Dalili: kelele kwenye kichwa

Kichwa ni ile sehemu ya juu yenye mota na spindo. Kabla ya kuwasha, ondoa mkanda na uizungushe spindo kwa mkono. Iende laini, bila mikwaruzo na bila mahali pa kukwama. Kisha washa mota peke yake, mkanda ukiwa bado nje. Kelele ikiwapo, ni beringi za mota, ambazo hupatikana katika maduka ya beringi ya kawaida. Rudisha mkanda na uwashe kwa mwendo wa kawaida. Mkanda uliokaa miezi mingi mahali pamoja hugonga kwa mpigo sawasawa kwa dakika chache za mwanzo, kisha hutulia. Baadaye weka gia ya mwendo wa polepole, mashine ikiwa imesimama kabisa. Kelele inayotokea hapo tu ni ya meno ya gia au ya kukosa mafuta. Inayobaki katika hali zote na kuongezeka kadiri mwendo unavyopanda ni ya beringi za spindo, na hizo ndizo za bei kubwa kwa kuwa ni beringi za usahihi wa juu. Iache mashine izunguke kwa mwendo wa kasi kwa dakika 20 hadi 30, kisha weka kiganja karibu na pua ya spindo. Vuguvugu ni sawa. Joto linalokulazimisha uondoe mkono ni beringi zilizokazwa kupita kiasi, zilizokauka au zilizokwisha.

Mambo mawili huwapotosha wakaguzi. Kwenye kichwa cha Bridgeport, kuweka gia ya polepole hugeuza mwelekeo wa spindo, hivyo swichi inabidi igeuzwe upande wa pili. Hivyo ndivyo kilivyotengenezwa. Na kwenye vichwa vinavyobadili mwendo kwa gurudumu badala ya kuhamisha mkanda, mwendo hubadilishwa mashine ikiwa inazunguka tu. Mlio wa kugongagonga katika vichwa hivyo mara nyingi hutoka kwenye bushi za plastiki za puli, ambazo ni rahisi kununua ingawa kuzifikia kunataka subira.

Dalili: kisu kinayumba, kazi ina mawimbi

Futa tundu la spindo lenye umbo la pia hadi liwe safi kabisa, ingiza geji iguse ukuta wake wa ndani, na uizungushe spindo kwa mkono. Kuyumba kwa milimita 0.01 ni kuzuri. Kukizidi 0.03 baada ya kusafisha, angalia kama tundu lina makovu ya koleti, yaani kishikio cha kisu, iliyowahi kuzunguka ndani yake, kisha sukuma spindo pembeni kwa mkono ili ujue kama beringi zimelegea. Pini ndogo ndani ya tundu, inayozuia koleti ya aina ya R8 isizunguke, mara nyingi huwa imekatika. Mashine hufanya kazi bila pini hiyo, kwa hiyo isikuzuie.

Shusha kwili, ile silinda inayopanda na kushuka na spindo, kwa mwendo wake wote, ambao kwenye Bridgeport ni inchi 5 au milimita 127. Ifunge kwa breki yake na uisukume kwa mkono huku geji ikiigusa. Kwili inayocheza ikiwa imefungwa itatoa mawimbi kwenye kila kazi, na tundu lake haliwezi kubanwa kwa skrubu.

Sasa chonga. Funga kipande chako cha chuma laini, tumia kisu chako, punguza chuma milimita 2 kwa upande, kwanza dhidi ya mzunguko wa kisu na baadaye kwa kuufuata, lakini mara ya pili kwa kina kidogo. Tazama ubapa kwa skwea na tochi, na upime unene wa ncha na wa katikati kwa maikromita. Mtetemo ukitokea, kaza breki za pande za mwendo zisizotumika na urudie. Ukitoweka, tatizo ni mlegeo wa kabari au wa goti, nalo umekwisha kulipima. Ukibaki vilevile, shuku kwili na spindo. Uso unaotoka na ngazi ndogo kati ya mpito mmoja na mwingine wa kisu unaonyesha kwamba kichwa kimeinama, na hilo hunyooshwa kwa kulegeza bolti na kupima kwa geji. Jaribu pia kukiinamisha kichwa kwa bolti yake ya kurekebishia: isipokisogeza, meno yake yamechunwa na mtu aliyesahau kulegeza zile bolti kubwa.

Dalili: mistari, makovu na mishono ya kuchomelea

Matundu ya keekee kwenye meza ni aibu ya mtumiaji, hayaathiri usahihi. Midomo ya mifereji ya T iliyoinuka au kumeguka ni jambo jingine, kwa sababu jiliwa halitakaa sawa. Pitisha skwea au rula iliyonyooka juu ya mifereji na uchungulie mwanga chini yake.

Pale unaposhuku ufa, hasa kwenye shingo ya kichwa, masikio ya mwisho wa meza na pembe za goti, paka mafuta ya taa, subiri dakika chache, futa hadi pakauke, kisha sugua chaki juu yake. Ufa uliomeza mafuta utayarudisha taratibu, na mstari mwembamba wa unyevu utajichora kwenye weupe wa chaki. Mahali palipochomelewa kwenye chuma cha kusubu panaweza kudumu ikiwa ni kwenye mabano madogo. Kwenye goti, tandiko au nguzo, iache mashine hiyo.

Dalili: mota haiwaki, au inazunguka kwa uchovu

Soma kibati cha mota kabla ya kulaumu mota. Umeme wetu wa fezi tatu ni volti 400 Tanzania na 415 Kenya, kwa hezi 50. Mashine iliyotoka Marekani, au Saudia, huwa ya hezi 60. Mota ya Marekani iliyofungwa kwa volti 460 kwa kawaida huvumilia umeme wetu, ikipata joto zaidi kidogo, lakini spindo itakwenda polepole kwa sehemu moja ya sita. Mota hiyohiyo ikiwa bado imefungwa kwa volti 230 itaungua, hivyo lazima nyaya zake zihamishwe kwanza. Spindo inayozunguka kinyume hurekebishwa kwa kubadilishana nyaya mbili za fezi.

Mwenye fezi moja tu asikate tamaa. Mota ya Uingereza inayoandikwa volti 240/415 inaweza kufungwa kwa mtindo wa delta na kuendeshwa kwa invata inayoingiza fezi moja na kutoa tatu, na kwa mota ya kilowati 1.5 invata hiyo si ghali kama kuvuta laini mpya. Mota yenye miendo miwili haifungiki hivyo kirahisi, na inabidi kujumlisha bei ya mota nyingine.

Hakuna umeme siku ya ukaguzi

Wakati mwingine mashine iko ghalani, imetolewa nyaya, au umeme umekatika siku hiyohiyo. Vipimo vya meza, goti, skrubu, tundu la spindo, kwili na nyufa havihitaji umeme, na ndivyo vyenye uamuzi mkubwa, kwa hiyo safari haijapotea. Vifanye vyote. Kisha uhesabu kwamba beringi za spindo na mota vinahitaji kubadilishwa, uondoe gharama hiyo kwenye bei unayoitoa, na umwambie muuzaji waziwazi kwamba kiasi hicho kitaongezwa mashine ikiwashwa mbele yako na kuzunguka nusu saa bila joto wala kelele. Mwenye mashine nzima kwa kawaida hutafuta jenereta.